Shashi ya kuzuia damu si dawa ya kidonda kilichooza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua kuzungumzia jambo linalomgusa kila mwendesha boda boda, kila mkulima mwenye panga na kila muuguzi wa Kituo cha Afya III, kile cha ngazi ya kata hapa Uganda. Kuna vifaa vya kuzuia damu vinavyotengenezwa kwa maganda ya kamba wa baharini, udongo mweupe, mwani na jelatini. Ni vitu vizuri, na tunataka vifike vijijini. Tatizo ni kwamba mara nyingi vinaelezwa kana kwamba vyote ni kitu kimoja, na mnunuzi anaaminishwa kuwa paketi ileile itazuia damu leo na kukausha kidonda chenye usaha mwezi ujao. Kuzuia damu ni kazi ya dakika, ilhali kuponya kidonda kilichoingiliwa na bakteria ni kazi ya majuma. Kile kilichookoa maisha katika kazi ya kwanza, kikisahaulika ndani ya mwili, huwa maficho ya bakteria.

Tuanze na damu, kwa kuwa haingoji. Mtu mzima ana lita 5 hivi. Mtoto wa kilo 10 ana mililita 800 tu, kwa hiyo kikombe kimoja cha chai kikimwagika ni robo ya damu yake yote. Ateri ya paja ikikatwa, majeruhi anaweza kufa kabla gari halijapatikana. Hata akifika hospitali, damu ya kuongezewa hutegemea kama benki ya damu inayo ya kundi lake siku hiyo. Hivyo la kwanza ni kuilinda ile iliyobaki mwilini.

Shashi ya kaolini ni ukanda wa kitambaa uliotiwa kaolini, ule udongo mweupe laini. Aina inayotumika sana jeshini ina upana wa sentimita 7.5 na urefu wa mita 3.7, imekunjwa kwenda na kurudi ili itoke bila kujisokota. Kamati inayoshauri jeshi la Marekani kuhusu huduma ya majeruhi vitani iliipendekeza mwaka 2008. Kaolini huamsha faktari ya 12, mojawapo ya protini zinazoanzisha mfululizo wa kuganda kwa damu. Kwa maneno mengine, inahitaji protini za mgonjwa mwenyewe ziwepo na ziwe nzima. Kwa mgonjwa wa ini, anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au aliyeumwa na nyoka ambaye sumu yake imemaliza protini hizo, kaolini hupungukiwa na cha kuamsha.

Kitosani hufuata njia nyingine. Maganda ya kamba na kaa huondolewa madini kwa asidi, kisha protini kwa alkali. Kitini inayobaki hupikwa katika sodiamu haidroksaidi kali hadi ibadilike kuwa kitosani. Ikikutana na unyevu wenye asidi kidogo, molekuli zake hupata chaji chanya. Chembe nyekundu na chembe sahani za damu zina chaji hasi, basi huvutwa, hunasa na kuwa donge zito linaloziba mshipa. Donge hilo halitegemei sana protini za kuganda, ndiyo maana kitosani humfaa zaidi mgonjwa aliyepoa mwili au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Muuzaji asiyejua ni ipi kati ya hizo mbili ameishika mkononi hafai kuiuza.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo pesa na maisha hupotea. Vaa glovu, na ukikosa, ingiza mikono katika kaveera (mfuko wa plastiki) safi. Chana nguo uone kidonda chote, kwa sababu tundu dogo mbele ya paja huweza kuwa na tundu kubwa nyuma. Futa dimbwi la damu ili uone inakochomokea. Damu ya ateri ni nyekundu ang'avu na huruka kwa mapigo. Sukuma ncha ya shashi kwa kidole hadi ifike kwenye mshipa wenyewe unaovuja, ukiugandamiza kuelekea mfupa kama mfupa upo. Endelea kushindilia mkunjo baada ya mkunjo, kidole kimoja kikishikilia wakati kingine kinasukuma, mpaka shimo lijae na shashi itokeze juu ya ngozi kiasi cha sentimita 3. Shashi iliyobaki irundike juu. Kisha gandamiza kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimenyooka na uzito wa kifua chako ukiwa juu yake, kwa dakika 3 kamili za saa. Usichungulie. Kila unapofunua unang'oa donge changa na kuanza upya ukiwa na damu pungufu.

Dakika 3 zikipita na damu bado inavuja, mara nyingi kosa ni kwamba shashi haikufika kwenye mshipa. Ongeza nyingine kama pana nafasi, au toa yote upakie upya kwa kuelekeza kidole mahali sahihi, ugandamize tena dakika 3. Ikitulia, funga bandeji ya kubana juu yake, mfunike mgonjwa kwa blanketi hata kama kuna joto, na umpeleke. Mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Usitoe shashi ile barabarani wala katika kliniki isiyo na chumba cha upasuaji.

Na kama huna shashi ya kaolini wala ya kitosani? Fanya yaleyale kwa shashi ya kawaida au kitambaa safi cha pamba kilichochanwa ukanda, ila gandamiza dakika 10. Tungependa hili likumbukwe kuliko jina la kifaa chochote. Kaolini na kitosani huharakisha kuganda, lakini zikiwekwa juu ya kidonda kirefu kama plasta, bila kushindiliwa wala kugandamizwa, damu hupita chini yake na paketi ya bei kubwa imetupwa. Pamba ya kufumuka usiitumie ndani ya kidonda, kwani nyuzi zake hubaki humo na kualika usaha.

Kushindilia shashi ni kwa kinena, kwapa, chini ya shingo, matako na minofu ya mkono au mguu. Kifua, tumbo na fuvu usivishindilie kitu. Mkono au mguu unaovuja kwa nguvu hufungwa mkanda wa kubana damu, sentimita 5 hadi 8 kutoka kidondani kuelekea kiwiliwili, kamwe si kwenye kiungo chenyewe cha goti au kiwiko. Mkanda uwe na upana usiopungua sentimita 4. Kamba ya katani au mpira mwembamba wa baiskeli hukata neva na kuacha ateri ikipita. Kaza mpaka damu isimame, hata mgonjwa akilia, maana mkanda uliokazwa nusunusu huzuia vena zinazorudisha damu na kuacha ateri zinazoileta, na kidonda huvuja zaidi. Andika saa ya kufunga kwenye paji la uso kwa kalamu ya wino. Wapo wanaofundisha kulegeza kila baada ya dakika 15 ili mguu upate hewa. Mafundisho hayo yaachwe, kwani mgonjwa hupoteza damu kidogo kidogo mpaka anaisha. Lengo ni kufika kwa daktari ndani ya saa 2. Aliyeumwa na nyoka hafungwi mkanda.

Kuhusu unga wa kunyunyiza, historia yake inatosha kututahadharisha. Chembechembe za zeolaiti, aina ya madini, zilizotangulia shashi ya kaolini zilinyonya maji ya damu kwa nguvu hata zikatoa joto, na zikaunguza nyama za wagonjwa. Bidhaa nyingine ya unga wa udongo iliondolewa katika matumizi ya jeshi la Marekani mwaka 2009, baada ya majaribio kwa wanyama kuonyesha chembe zake zinaingia ndani ya mishipa na kugandisha damu humo. Unga pia husombwa na damu inayoruka kabla haujafanya kazi. Kitambaa hutolewa chote kwa mkono mmoja, unga hautoki wote.

Na tuseme waziwazi kuhusu unga wa nyumbani. Majivu, majani ya chai, kahawa, samadi, unga wa kapsuli za antibiotiki na udongo mweupe wa kuchimbwa havina nafasi ndani ya kidonda. Ni kweli kaolini ipo katika ardhi ya Uganda, na mtu anaweza kudhani ndiyo ileile ya kwenye shashi. Ile ya kwenye shashi imesafishwa, imepimwa na kuuawa vijidudu. Udongo wa shimoni hubeba mbegu za bakteria wa pepopunda. Wazazi wa Bugisu hasa tunawaomba walizingatie hili miaka ya imbalu, yaani tohara ya jadi: kijana akivuja damu baada ya kutahiriwa, shashi safi na mgandamizo wa dakika 10 bila kufunua, na isiposimama, kituo cha afya. Chanjo ya pepopunda ipatikane mapema kabla ya kisu.

Katika Kituo cha Afya IV na hospitali, kuna dawa moja isiyokaa kidondani lakini huenda sambamba na shashi: asidi ya traneksamiki, inayozuia donge la damu lisiyeyuke, gramu 1 kwa mshipa kwa muda wa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha inapunguza vifo ikianza ndani ya saa 3. Baada ya saa 3 inaweza kudhuru. Kwa hiyo saa ya ajali iulizwe na kuandikwa.

Chumba cha upasuaji kina vifaa vyake. Sponji ya jelatini hunyonya damu zaidi ya mara 40 ya uzito wake na huyeyuka mwilini kwa wiki 4 hadi 6. Huvimba, hivyo isiachwe katika nafasi finyu karibu na neva au uti wa mgongo, wala isiachwe mahali penye usaha. Selulosi iliyooksidishwa, yaani kitambaa cha nyuzi za mimea zilizobadilishwa kwa kemikali, huwa na asidi inayozuia bakteria kukua, lakini asidi hiyohiyo huua nguvu ya thrombini, protini inayogandisha damu, kwa hiyo viwili hivyo havichanganywi. Shashi ya kaolini nayo haiyeyuki. Lazima itoke yote, ihesabiwe, na daktari anayempokea mgonjwa aambiwe zimeingia ngapi. Kipande kilichosahaulika ndicho mwanzo wa jipu.

Tukija kwenye kidonda kilichoambukizwa, mambo hubadilika kabisa. Bakteria wa kidonda sugu hawaelei peke yao. Hujijengea utando wa ute unaoshika kwenye nyama, na ndani yake dawa za kumeza hufika kwa shida. Utando huo ukikwanguliwa hujijenga upya ndani ya siku moja hadi tatu. Kifaa chochote chenye madini ya fedha, asali au iodini kikilazwa juu ya utando na nyama iliyokufa kinaua wa juu tu. Kwanza kusafisha, pili kifaa. Anayeuziwa kifaa bila kusafishwa kidonda ameibiwa.

Maji ya kuoshea huweza kutengenezwa popote: lita 1 ya maji yaliyochemka kwa dakika 20, gramu 9 za chumvi, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa na yatumike siku hiyohiyo. Chukua bomba la sindano la mililita 20 hadi 50 lenye sindano ya geji (kipimo cha unene) 18 au 19, usukume maji kwa nguvu ya mkono, mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu wa kidonda. Kumwagia maji kwa kikombe ni kulowesha tu. Nyama iliyokufa, nyeusi au ya kijivu isiyovuja damu ikiguswa, hukatwa na aliyefunzwa. Haidrojeni peroksaidi inayotoa povu hupendwa sana, lakini huunguza nyama changa pamoja na bakteria, na hatuoni sababu ya kuirudia kila siku. Ukiona usaha wa kijani wenye harufu tamu, huenda ni bakteria aitwaye pseudomonasi. Shashi iliyoloweshwa asidi asetiki ya asilimia 1 husaidia, yaani sehemu moja ya siki ya asilimia 5 kwa sehemu nne za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kidonda kichafu cha panga au cha ajali kisishonwe siku ya kwanza. Kioshwe, kiachwe wazi chini ya shashi yenye unyevu, na kikiwa kisafi siku ya 3 hadi ya 5 ndipo kishonwe.

Baada ya hapo, kifaa huchaguliwa kwa kuangalia maji ya kidonda. Kinachotiririka kinahitaji alginati, nyuzi za mwani ambazo kalisiamu yake hubadilishana na sodiamu ya majimaji ya kidonda na kugeuka ute laini. Kalisiamu hiyo husaidia pia damu kuganda, hivyo alginati inafaa kwa kidonda kinachovujavuja baada ya kukwanguliwa, lakini haizuii ateri. Ukiilaza kwenye kidonda kikavu itakauka na kung'oa ngozi mpya. Kikavu kinahitaji jeli yenye maji. Vifaa vinavyofunika bila kupitisha hewa visiwekwe juu ya kidonda kinachonuka.

Asali inastahili heshima, na pia masharti. Huvuta maji kutoka kwa bakteria, ina asidi, na kimeng'enya chake hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, kwa kiwango kisichounguza nyama. Asali iliyochemshwa hupoteza kimeng'enya hicho, na iliyochanganywa na maji ya sukari haina cha kupoteza. Asali ya hospitali hupigwa mionzi ya gama kwa sababu asali mbichi huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo joto la kawaida haliziui. Kipimo ni mililita 20 hivi kwa shashi ya sentimita 10 kwa 10. Paka kwenye shashi, usimimine kidondani. Siku za kwanza badilisha kila siku, kwani kidonda hutoa maji mengi na asali ikizimuliwa hudhoofika. Wafugaji wa nyuki wa eneo la West Nile wana asali nzuri. Kinachokosekana ni mtu wa kuipima maji, yasizidi asilimia 20, na kuipeleka kwenye mionzi.

Vifaa vyenye madini ya fedha vitumike kwa kidonda chenye dalili za maambukizi, na baada ya wiki 2 viulizwe vimefanya nini. Aina ya chembe ndogo sana za fedha huloweshwa kwa maji safi, si ya chumvi, kwa sababu kloraidi huishika fedha na kuizima. Krimu ya silva salfadayazini, inayopakwa kwa mazoea kwenye kila jeraha la moto, huacha utando wa njano unaodhaniwa usaha, na imeonekana kuchelewesha kupona ikilinganishwa na vifaa vipya.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa nchi za Maziwa Makuu. Huko Fortaleza, Brazil, madaktari wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya ngege (samaki aina ya tilapia), na ngege huyo ni wa jamii ileile ya mto Nile tunayomvua hapa. Ngozi yake ina kolajeni, aina ya protini, nyingi, hushika vizuri kwenye jeraha, na hupunguza idadi ya kubadilisha bandeji, jambo ambalo mtoto aliyeungua analijua uchungu wake. Lakini husafishwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, hupitishwa kwenye gliseroli inayozidishwa ukali, kisha hupigwa mionzi. Ngozi mbichi kutoka mwalo wa Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ikilazwa kwenye jeraha inaleta bakteria wa ziwani. Malighafi ipo hapa nchini, na tunayaomba mashirika yetu ya utafiti yaanze kazi hii. Madaktari wa India walishaonyesha kwamba hata jani la mgomba, likitakaswa kwa mvuke wa presha, hufunika jeraha la moto la juujuu bila kunata. Hilo tunaliweza hata mwaka huu katika hospitali yoyote yenye mashine ya kutakasa.

Kidonda ambacho hakiponi kwa wiki 4 kipimwe sukari, virusi vya Ukimwi na kifua kikuu cha ngozi. Kikiwa hakiumi, na kingo zake zimechimbika kwa ndani, fikirieni kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo letu hapa Uganda. Hutibiwa kwa rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8. Hakuna shashi itakayokiponya.

Tunaomba mambo matatu. NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, iwatake waingizaji waandike kwa Kiswahili na kwa Kiganda juu ya paketi: kilichomo, dakika za kugandamiza, na kama kifaa kinayeyuka au lazima kitolewe. National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, iweke shashi ya kuzuia damu, mbili kwa kila gari la wagonjwa na nne kwa kila chumba cha kuzalishia na cha dharura cha Kituo cha Afya III, pamoja na mkanda mpana wa kubana damu. Na polisi wa trafiki, ambao huwa wa kwanza kufika kwenye ajali barabara ya Masaka na ya Jinja, wafundishwe kushindilia shashi kwa vitendo, kwa kutumia kipande cha nyama ya ng'ombe kilichotobolewa. Mafunzo hayo ni ya asubuhi moja. Paketi zisihifadhiwe kwenye dashibodi ya gari inayochomwa na jua, na tarehe ya mwisho iangaliwe kila robo mwaka, siku ileile zinapohesabiwa glovu.

Ni sisi,
Wauguzi na wafamasia wa huduma ya vidonda,
Kampala